Kijani cha zeituni sebuleni: ukuta mmoja au kuta zote?

Binti_Segerea: Habari za jioni wakuu. Fundi anaanza Jumamosi na bado sijaamua. Naipenda ile kijani ya zeituni iliyopoa, siyo ya majani. Nipake sebule nzima, au ukuta wa TV tu na kwingine krimu? Na nichukue silki (yenye mng'ao kidogo) au mati (isiyong'aa)?

Mzee wa Rola: Umeuliza nusu. Sebule ina ukubwa gani? Dirisha linatazama wapi? Umepanga au ni kwako? Kuta zimepigwa skimu, ile lipu laini ya kusawazisha?

KigamboniKwetu: Na taa je? Chini ya taa nyeupe za 6500K kijani hiyo inapooza na kuwa kijivu. Weka za 3000K, zenye mwanga wa manjano, uone.

Mama Wawili: Kuta zote, bila kusita! Makochi ya kahawia, mapazia ya krimu, unatoka kazini macho yanapumzika. Krimu tumeichoka, kila nyumba ni hiyo hiyo.

Shemeji wa Tabata: Napinga. Huku tumebanana, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Utawasha taa saa nane mchana, na LUKU unanunua wewe. Halafu mbu wanapenda kutua penye giza, kwenye ukuta huo huwaoni.

Mama Wawili: Mbu dawa yake ni nyavu za madirisha, siyo krimu.

Chuma cha Sinza: Ngojeni niwaeleze yaliyonikuta. Rangi hii mara nyingi inachanganywa dukani kwa mashine. Fundi wangu alikadiria galoni moja kwa kuta mbili. Mkono wa pili (kupaka mara ya pili), katikati ya ukuta wa mlangoni, rangi ikaisha. Akakimbilia duka jingine na mfuniko wa kopo, wakamchanganyia "hiyo hiyo". Ikiwa mbichi huoni tofauti. Asubuhi imekauka, upande mmoja una unjano, mwingine unaelekea bluu, na mpaka wake umenyooka kutoka kwenye swichi hadi kwenye kona ya dari. Wageni wakawa wananiuliza kama hapo palikuwa na kabati. Tulirudia ukuta mzima. Nunua yote siku moja, duka moja, na karatasi ya namba ya rangi uitunze.

Mzee wa Rola: Kweli kabisa. Lita 1 inafunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita 4 kwa 3, mikono miwili, galoni ya lita 4 inatosha na inabaki ya kurekebishia. Silki inafutika watoto wakichafua, ila inaanika kila wimbi la skimu. Mati inaficha mawimbi, alama za vidole ndiyo hazitoki.

Kamanda_Ukonga: Hiyo si rangi ya jeshi? Isikuletee matatizo.

Shemeji wa Tabata: Raia tunakatazwa sare na nguo zinazofanana na za JWTZ. Ukuta hauvaliwi mkuu.

Kamanda_Ukonga: Sawa, lakini mimi sebule ya namna hiyo sikai.

Binti_Segerea: Samahanini, nilikuwa kwenye daladala. Nimepanga, nyumba mpya. Dirisha moja, linatazama magharibi. Plasta ina wiki mbili.

Mzee wa Rola: Wiki mbili? Ahirisha! Plasta ya saruji iache kama siku 28, na kwa unyevu wa Dar ongeza. Ukiwahi, chumvi inatoka madoa meupe. Kwenye krimu yangejificha, kwenye zeituni yataonekana toka mlangoni.

Binti_Segerea: Fundi kasema praima, ile rangi ya kutangulizia, inatosha.

KigamboniKwetu: Fundi anataka hela ya Jumamosi.

Mama Wawili: Mdogo wangu, rangi unanunua wewe kwenye nyumba ya mtu? Mmeandikishana na mwenye nyumba kwamba atakukata kwenye kodi ya pango?