Jirani anachanganya Saro na Kyela, anaandika "Kyela safi". Mimi nifanyeje?

BintiNafaka:
Habari zenu wakuu. Nina fremu ya nafaka Mbagala. Nauza maharage, dona, mafuta ya kupima, lakini kinacholipa kodi ni mchele. Mchele wa Kyela, ule unaonukia, naletewa na mama mmoja anayekoboa huko huko Kyela; Saro, mchele wa kila siku, nachukua sokoni Tandale. Kila mchele una sanduku lake na bei yake: Kyela 3,200 kwa kilo, Saro 2,500.

Fremu ya tatu kutoka kwangu kuna jirani ana sanduku limeandikwa KYELA SAFI, 2,800. Vijana wanaoshusha mzigo kwake ndio wanaoshusha kwangu, na Kyela anayoingiza hailingani hata kidogo na anayouza. Ukiushika ule mchele unaona punje za aina mbili, na harufu yake inakuja kwa mbali mno.

Kinachoniumiza ni kwamba mwizi nimeonekana mimi. Wateja wananiambia usoni, "Dada, wewe unatupiga, mbona pale Kyela ni elfu mbili na mia nane?" Mwenye mgahawa aliyekuwa anachukua gunia zima kwangu kahamia kwake. Dalali naye kaniambia nichanganye tu, mchele ukishaiva nani atajua.

Sitaki kufanya hivyo. Tafadhali msiniambie Mungu atanilipa, hilo naliamini tayari. Nataka kujua mtu anauzaje kwa haki sokoni penye watu wa namna hii, na kodi ya fremu ikalipika.

Chakubanga_77:
Dada, mteja wa Mbagala anaangalia bei. Anajua kabisa Kyela halisi haiuzwi 2,800, anajifanya hajui. Jirani yako anampa anachokitaka. Changanya, maisha yaende. Ukweli haulipi ada ya mtoto.

MzeeWaTandale:
Binti yangu, nimekaa kwenye nafaka Tandale tangu tunashona magunia ya katani, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Kwanza, huyo aliyetangulia anasema mteja anajua. Kama anajua, kwa nini jirani haandiki? Mwambie aandike "Kyela na Saro" kwenye lile sanduku, uone kama atakubali. Hataki, kwa sababu anajua wapo wasiojua, na faida yake inatoka kwa hao hao.

Pili, kuchanganya mchele si kosa. Wapishi wa shughuli wanachanganya wenyewe: wanatia Kyela ili wali unukie, wanatia mchele wa Shinyanga ili sufuria ijae. Hakuna aliyedanganywa hapo. Jirani yako angekuwa mfanyabiashara safi kabisa kwa mchele ule ule na bei ile ile, kama angetaja kilichomo. Kosa lote liko kwenye lile neno "safi".

Kuna hadithi ya Mtume (S.A.W.) ambayo kila muuza nafaka angeijua. Alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua imelowesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akasema, "Anayeghushi si pamoja nami." Angalia vizuri: alimtaka ile iliyolowa ionekane, anayeinunua ainunue akiwa ameiona. Wewe uwe Muislamu au Mkristo, hiyo ni kanuni ya duka unayoweza kuifanyia kazi kesho asubuhi.

Kwa hiyo ongeza sanduku la tatu. Chukua Kyela sehemu mbili, Saro sehemu tatu. Kwa bei zako mwenyewe, 3,200 mara mbili na 2,500 mara tatu ni 13,900. Gawa kwa tano unapata 2,780. Uza 2,800 kama jirani. Andika kwa makapeni nene: KYELA 2, SARO 3. Mtu akikuuliza mbona pale kuna Kyela ya 2,800, usimtaje jirani kwa ubaya. Mwonyeshe masanduku yako matatu, mwambie, "Ya 2,800 hii hapa, na ndani yake kuna hivi na hivi." Atafanya hesabu mwenyewe kwamba kwa bei hiyo Kyela haifiki nusu.

Ila usichanganye mchele mpya na wa zamani. Hilo linaharibu jina kuliko yote.

MamaLishe_Temeke:
Hapo kwenye mpya na wa zamani mzee kasema kweli tupu. Mimi napika wali wa kuuza. Kuna duka waliniuzia "Kyela ya zamani", wakaniapia, kumbe wamechanganya na mpya. Nikatia maji ya mchele wa zamani, maana ule unakunywa maji na unakua. Nilipofunua baada ya kupalia, nusu ya punje zilikuwa bokoboko na nusu zina kiini katikati, ukitafuna unasikia kitu kigumu jinoni. Hakuna dawa hapo. Ukiongeza maji, bokoboko linakuwa uji. Ukiacha, kiini kinabaki. Sufuria la kilo kumi, mafuta yangu, nazi yangu, mkaa wangu. Wateja wa mchana hawakusema kitu, walilipa wakaondoka, na wengine sijawaona tena. Wao walimlaumu mpishi. Muuza mchele hawamjui.

Ndiyo maana napenda watu kama wewe mdogo wangu. Mimi nanunua Saro bila aibu, ni mchele mzuri wa kila siku. Niambie tu ni Saro, na niambie ni wa msimu gani, nijue maji ya kutia.

KaraniWaMizani:
Niongeze upande mwingine ambao wengi wanausahau. Umeandika kuhusu mchele, ila angalia na mizani. Wakala wa Vipimo wanahakiki mizani ya biashara kila mwaka na kubandika stika. Yako ikiwa na stika ya mwaka huu, igeuze ielekee kwa mteja, asome mwenyewe. Asiyeamini, weka hapo chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa. Maji ya lita moja ni kilo moja, na chupa inaongeza kidogo tu, kwa hiyo mshale ukikaa chini ya kilo kila mtu anaona kuna tatizo. Mimi nimeona madukani mshale unaanzia juu ya sifuri kabla hujaweka kitu, na mteja anaongea na simu.

Na kwa anayesema changanya tu: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Bandiko la "Kyela safi" juu ya mchanganyiko linaingia humo moja kwa moja.

Chakubanga_77:
Sawa, sheria ipo. Nani anakamatwa kwa mchele?

MzeeWaTandale:
Hata kama hakuna anayekamatwa, mama lishe hapo juu amepoteza sufuria zima, na watu waliokuwa wanakula kwake hawarudi. Hasara hiyo imemfika mtu aliyelipa pesa yake taslimu. Mimi sihitaji polisi anieleze kwamba hilo ni baya. Na nakuomba, kijana, usimwambie binti kwamba ukweli haulipi ada. Waliosomesha watoto kwa nafaka ya haki pale Tandale nawafahamu, na walianza na masanduku mawili kama yeye.

BintiNafaka:
Ahsanteni sana, nimesoma yote. Kumbe nilikuwa nadhani njia ni mbili tu, kung'ang'ania Kyela peke yake au kudanganya. Sanduku la tatu naliweka, na msimu nitauandika kwenye kila sanduku. Stika ya mizani ninayo, ila mizani ilikuwa imenielekea mimi.

Mzee wangu, yule mwenye mgahawa je? Nimfuate nimwambie anachouziwa?

MzeeWaTandale:
Usimfuate kumshtaki jirani, ataona ni wivu wa biashara. Mpelekee kilo mbili bure: moja ya Kyela, moja ya mchanganyiko, kila mfuko umeandikwa. Apike mwenyewe, kwa maji na moto wake, kisha aweke na sahani ya ule anaonunua sasa. Akichagua mchanganyiko, muuzie mchanganyiko bila kinyongo. Na gunia lake lishonwe mbele yake.