Kumfariji mfiwa: kusema au kunyamaza?

Swali: Wapendwa, Yakobo 1:19 inatuagiza tuwe wepesi wa kusikia, si wepesi wa kusema. Je, anayekwenda msibani anyamaze kabisa?

Jibu la kwanza: Dada, soma Ayubu 2:13, ambapo rafiki watatu wa Ayubu, aliyekuwa amefiwa na watoto wake, waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona ukubwa wa mateso yake. Naamini hapo ndipo walipomfariji kweli, maana walipofungua vinywa walianza kumtafutia dhambi, na katika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa hao watatu, kwamba hasira yake imewaka juu yao.

Jibu la pili: Nakubaliana na aliyetangulia, ila Mithali 18:13 inakemea kujibu kabla ya kusikia, haikatazi kujibu. Mwulize mfiwa habari za marehemu, kisha umwache aeleze, hata akirudia yaleyale.