Nani kawaambia mnara wa Ulenge ulijengwa na Vasco da Gama? Acheni kutudanganyia watoto!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jumamosi tumewapeleka watoto wa darasa la sita kisiwani Ulenge, hapa nje ya Tanga. Boti tumelipia, mwongozaji tumemlipa. Tumefika chini ya mnara wa taa, bwana yule akasimama kifua mbele: "Huu aliujenga Vasco da Gama." Na watoto wanaandika kwenye madaftari! Nikamwambia, kaka, hapana. Akanijibu kuwa wageni wakiambiwa hivyo wanafurahi.

Wafurahi kwa uongo, halafu mtoto wa Tanga akaujibie mtihani?

Vasco da Gama, baharia Mreno, alipita pwani hii 1498, akikimbilia India. Minara ya kusimamishwa juu ya mwamba bahari kuu ilikuwa bado hata huko Ulaya. Mnara wa kwanza wa namna hiyo ni Eddystone, nje ya Plymouth, Uingereza, na taa yake iliwashwa Novemba 1698. Mwezi uliofuata, Desemba, Wareno wakanyang'anywa Fort Jesus na Waomani pale Mombasa. Yaani Wareno wanafungashiwa virago kwetu, Waingereza ndiyo kwanza wanajaribu!

Na jaribio lenyewe halikudumu. Dhoruba ya 1703 iliuzoa mnara wote na Henry Winstanley aliyeujenga akiwa ndani. Uliofuata ulikuwa wa mbao, ukaungua 1755. Ndipo akaja John Smeaton na mawe yaliyochongwa yakaumana kama meno, na chokaa inayoganda hata majini. Akawasha 1759, na taa yenyewe ilikuwa mishumaa 24. Mishumaa, wakuu! Sasa huyo nahodha wa 1498 alijengea nini Ulenge?

Mnara wetu ni wa enzi za Wajerumani, na sababu iko wazi. Reli ya Usambara walianza kuijenga hapa Tanga 1893, mazao yanashuka kutoka bara, meli za mvuke zinaingia bandarini. Mlango wa ghuba una miamba huku na huku, Ulenge kaskazini na Niule kusini. Nahodha mgeni akija usiku bila taa, chombo kinapanda mwamba. Wenzetu wa Unguja wana mnara wa Chumbe, wa 1904, ukatiwa taa ya gesi 1926, na mgeni akifika anatajiwa mwaka. Sisi tunatajiwa Vasco da Gama.

Kinachoniuma zaidi ni walinzi wa taa. Kabla ya gesi na umeme, taa ya mafuta haikujiwasha. Kuna mtu alipanda ngazi na debe la mafuta kila magharibi, akafuta masizi kwenye vioo, akakesha. Hao hawatajwi kabisa, sifa zote kapewa Mreno asiyebeba hata jiwe moja pale.

Walimu, sahihisheni madaftari wiki hii hii. Na kama kuna mtu hapa, wa Chumbageni, Ngamiani au Mwambani, ambaye babu yake aliwahi kulinda taa, atuandikie alichosimuliwa.

Wewe mwongozaji, najua unasoma. Tunaleta darasa lingine. Ukimtaja tena Vasco da Gama nitakukatiza mbele ya watoto, na hela yetu utarudisha.