Tupeane uzoefu: uliyechukua paka mtoto kwa wanaojitolea kuokoa wanyama, alikuzoea baada ya muda gani?

Wadau, hii ni wiki ya tatu nina paka mtoto niliyepewa na watu wanaojitolea kuokoa wanyama. Jike, miezi minne, mweusi mwenye kidevu cheupe. Waliniambia wazi kwamba paka huzoea binadamu kirahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu azaliwe, na huyu aliokotwa akiwa amepita hapo. Atazoea, ila nisiwe na haraka.

Siku tano za mwanzo aliishi nyuma ya kabati. Alikula usiku tu, tukishalala. Dada aliyekuwa akimlea kwa muda alinielekeza nimpe chumba kimoja, sanduku la mchanga kona hii, chakula kona ile, halafu nikae sakafuni nisome kwa sauti bila kumkodolea macho. Nikasoma. Siku ya sita pua yenye ubaridi ikagusa kidole changu cha mguu. Sikutikisika, machozi yakanitoka. Jana kalala mapajani anakoroma kwa raha, mguu ukafa ganzi na sikuinuka.

Wenu walichukua muda gani? Na mlihojiwa sana kabla ya kupewa?

*

Hongera, dada. Mimi nilihojiwa hadi nikaudhika: madirisha yana wavu? Mwenye nyumba karuhusu? Ukisafiri anabaki na nani? Kisha nisaini kwamba nitamfunga kizazi. Yule mama aliyekuwa akinihoji akanieleza kwamba jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba kama siku 65, na mwaka huohuo akazaa tena. Nyuma yake sebuleni kulikuwa na maboksi matatu ya vitoto vilivyotupwa, kimoja bado hakijafumbua macho. Nikasaini, hasira zote zimeisha.

*

Naomba niseme la kwangu, maana linaniuma mpaka leo. Wangu alikuja na viroboto wachache, nami nikampaka dawa iliyobaki ya mbwa. Usiku akaanza kutetemeka mwili mzima. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, na kwa paka hiyo ni sumu. Nilimpigia simu aliyenipa paka, saa nane usiku, akapokea, akaniambia nimwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikimbie kwa daktari. Alilazwa siku mbili, akapona. Jamani, dawa ya mbwa ni ya mbwa. Na panadoli msimpe kabisa, hata kipande.

*

Sisi tulichukua wawili, ndugu wa tumbo moja. Siku mbili tu wakawa wenyeji. Wanafundishana wenyewe kutong'ata kwa nguvu.

*

Mimi wa kwanza nilimrudisha. Paka wangu mkubwa alimshambulia kwa sababu niliwakutanisha siku ileile. Walimpokea bila neno baya. Mwaka uliofuata nikajaribu na mwingine: mlango umefungwa, nabadilishana vitambaa wanavyolalia ili wazoeane harufu kwanza. Wiki tatu. Sasa wanalambana masikio.

*

Mwenye uzi hapa. Asanteni sana, nimesoma yote, na ile dawa ya viroboto nimekwenda kuangalia kabatini sasa hivi. Kufungwa kizazi ni Jumanne. Nitaleta mrejesho.