Mjadala: Mitishamba ya kutuliza wasiwasi iuzwe huru au isajiliwe kama dawa?

Mezani (mleta mada)

Wakuu, hoja ni hii: mitishamba inayotumiwa kwa msongo wa mawazo na wasiwasi iendelee kuuzwa huru, au isajiliwe na kusimamiwa kama dawa nyingine? Serikali zenyewe hazijaafikiana. Denmark ilipiga marufuku ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India, mwaka 2023, ilhali kwingineko inauzwa kama kirutubisho. Ujerumani iliifutia kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki, usajili mwaka 2002, mahakama ikaja kuutengua uamuzi huo mwaka 2014, kisha usajili ukafutwa tena mwaka 2019. Umoja wa Ulaya tangu 2004 una njia ya katikati: mmea uliotumika kama dawa kwa miaka 30, angalau 15 kati ya hiyo ndani ya Umoja, unasajiliwa kwa msingi wa mazoea, bila kudaiwa majaribio ya kuthibitisha kwamba unatibu.

Ombi moja tu: taja mmea, sehemu yake na kipimo. "Ni vya asili" na "ni sumu" si hoja.

Mizani

Nasimama upande wa usajili, na naanza na mmea mmoja: Hypericum perforatum, lile ua la njano la Mtakatifu Yohana. Kiini chake (yaani dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea na kukolezwa), miligramu 300 mara tatu kwa siku, kina ushahidi wa kuridhisha kwa sonona nyepesi na ya wastani. Kwa wasiwasi ushahidi ni haba, ila watu wanaununua kwa wasiwasi vilevile.

Kilichomo ndani yake, haipaforini, hulichochea ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya cha CYP3A4, na utumbo uongeze pampu za P-glikoprotini zinazorudisha dawa nje. Kwa hiyo dawa nyingine anazotumia mtu huyo huvunjwa au kutolewa mwilini kabla hazijafanya kazi. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na mara nyingi dalili ya kwanza ni damu kutoka katikati ya mzunguko. Siklosporini, dawa ya waliopandikizwa viungo, hushuka, na kiungo kilichopandikizwa kinaweza kukataliwa na mwili. Warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na digoksini (ya moyo) hushuka pia. Mwaka 2000 ilionekana kwamba indinaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, ilipungua katika damu kwa zaidi ya nusu.

Na kuacha ghafla nako kuna hatari yake, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ini huchukua kama wiki mbili kurudi hali yake ya kawaida. Mgonjwa ambaye dozi yake ya warfarini ilipandishwa wakati anakunywa mmea huu, akiuacha bila kusema, damu yake inakuwa nyepesi kupita kiasi. Ukichanganywa na dawa za sonona za kundi la SSRI, serotonini inaweza kupanda mno: jasho, kutetemeka, kuhara, moyo kwenda mbio, homa. Kitu chenye tabia hizi nakiuzaje bila kumuuliza mnunuzi anatumia nini kingine?

Kinu

Dada Mizani, umechagua mmea mmoja mkorofi halafu unataka kuifunga pingu familia nzima. Hebu tuongee kuhusu kamomili (maua) na melisa (majani yenye harufu ya limau), maana ndiyo inayonywewa na watu wengi zaidi.

Melisa: majani makavu gramu 1.5 hadi 4.5, maji yaliyochemka mililita 150, funika kwa dakika 10, chuja. Mara moja hadi tatu kwa siku. Kamomili: vichwa vya maua gramu 3 hivi, maji na muda ni vilevile. Kufunika si urembo. Mafuta yenye harufu ndiyo sehemu ya dawa na yanaondoka na mvuke. Yale matone yaliyoganda chini ya kifuniko yarudishe kikombeni. Ukiyachemsha maua kwenye sufuria iliyo wazi kwa nusu saa, unabaki na maji ya rangi. Kosa jingine ni kupima kwa kijiko. Maua mazima ya kamomili ni mepesi na yana hewa, kijiko kimoja cha chai hakifiki hata gramu moja, wakati kijiko hichohicho cha maua yaliyosagwa ni kizito zaidi. Tumia mizani ndogo.

Sasa niambie, kikombe hicho kinahitaji faili la kurasa mia mbili kwa mdhibiti?

Mizani

Kikombe hicho hapana, mzee Kinu, hapo sina ugomvi nawe. Ila hata kamomili haikosi masharti: mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti na magugu-chavua anaweza kuvimba midomo au kubanwa kifua, na anayetumia warfarini asinywe kwa wingi kila siku. Hayo yaandikwe kwenye pakiti.

Pumzi

Naingia upande wa tiba ya akili. Mnabishana juu ya usalama kana kwamba suala la kufanya kazi limekwisha. Halijaisha.

Kamomili ina majaribio mawili yanayotajwa sana. La 2009 lilikuwa na watu 57 wenye wasiwasi wa jumla uliozidi, kiini cha miligramu 220 kwa kapsuli, kapsuli moja hadi tano kwa siku, wiki nane. Dalili zilipungua kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. La 2016 lilitumia miligramu 1,500 kwa siku. Waliopata nafuu wakagawanywa kwa kura, baadhi waendelee, wengine wapewe kidonge kitupu. Walioendelea walibaki na dalili chache, lakini haikuthibitika kwamba kamomili inazuia wasiwasi kurudi. Na angalieni: hicho ni kiini, si chai. Kama kiini ni cha 4:1, yaani gramu nne za maua kwa gramu moja ya kiini, miligramu 1,500 ni sawa na gramu 6 za maua. Kifuko kimoja cha chai kina gramu 1 hadi 1.5. Anayekunywa kikombe kimoja usiku na kusema "utafiti umethibitisha" ananukuu utafiti wa kitu kingine.

Valeriani, mzizi unaotumiwa kwa usingizi, ndiyo yenye ushahidi dhaifu zaidi. Mapitio ya 2006 ya Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba, kuhusu valeriani kwa wasiwasi yalipata jaribio moja tu lililostahili, la watu 36. Mpasheni wa dawa, Passiflora incarnata, uliwahi kulinganishwa na oksazepamu, dawa ya hospitali ya wasiwasi, mwaka 2001 kwa wiki nne, watu 36 vilevile. Matokeo yalikaribiana, lakini idadi hiyo ni ndogo mno kujengea sera. (Na tafadhali, si majani ya pasheni tunayokula tunda lake; hilo ni Passiflora edulis, spishi nyingine.)

Wenye ushahidi mzito kidogo ni mafuta ya lavenda ya kumeza, kapsuli ya miligramu 80 mara moja kwa siku. Jaribio la 2014 lilikuwa na watu 539 kwa wiki 10, na lilijumuisha kundi la paroksetini (dawa ya SSRI) ya miligramu 20. Lavenda ya 80 na ya 160 zote zilishinda kidonge kitupu. Kasoro yake kubwa ni kwamba majaribio mengi ya kapsuli hiyo yamegharamiwa na mtengenezaji wake. Madhara yanayolalamikiwa zaidi ni kucheua harufu ya lavenda.

Kinu

Basi hapo umenisaidia, Pumzi. Lavenda inafanya kazi, na inauzwa bila cheti cha daktari.

Pumzi

Inauzwa bila cheti, ndiyo, lakini Ujerumani imesajiliwa kama dawa, na kila kapsuli ina kipimo kilekile. Hiyo ni hoja ya Mizani, si yako. Chupa ya mafuta ya kunusia si mbadala wake: tone moja halina uzito unaotabirika, mafuta yanaweza kuwa yamechanganywa, na yakishakaa wazi linaloli, kemikali yake ya harufu, huungana na oksijeni na kuwa kichochezi cha mzio. Watu wanadondoshea kwenye chai na kumeza. Wasifanye hivyo.

Chujio

Mimi ni wa maabara, na naona wote mmepita juu ya jambo linaloamua kesi nzima: jina la mmea halitoshi. Chukueni kava.

Visiwani Pasifiki, Vanuatu, Fiji, Tonga, Samoa, hutumika mzizi uliomenywa, ukapondwa, ukakandwa kwa maji na kuchujwa. Bidhaa zilizozua taharuki Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa kitu kingine: viini vilivyokamuliwa kwa asetoni au ethanoli, ambavyo huvuta kavalaktoni, kemikali za kava zinazotuliza, kwa uwiano tofauti na maji. Kisha kuna sehemu. Soko lilipopanda, maganda ya shina yaliingia kwenye magunia kwa sababu ni bei ya chini, na maganda hayo yana alkaloidi, pipamethistini, isiyo na kazi yoyote ndani ya dawa. Kisha kuna aina. Wenyeji hutofautisha kava bora ya kunywewa kila siku na ile iitwayo "tudei", ambayo ulevi na kichefuchefu chake hukaa hadi siku ya pili. Vanuatu ilitunga sheria mwaka 2002 kuruhusu aina bora pekee kusafirishwa.

Sasa lebo inasema "Kava, mg 400". Miligramu 400 za nini? Unga wa mzizi, au kiini chenye asilimia 30 ya kavalaktoni? Cha kwanza kina dozi ndogo sana. Cha pili kina miligramu 120. Lebo ni moja, dawa ni mbili.

Kinu

Ahsante, Chujio. Na mahakama ya Ujerumani iliwahi kuirudisha kava; kwangu mimi, marufuku ilichapa mmea kwa makosa ya kiwanda. Karne kwa karne mzizi na maji havikuwa na tatizo.

Mizani

Hapo umekimbia mbele ya ushahidi. New Caledonia waliripotiwa wagonjwa wa homa ya ini waliokunywa kava ya maji, ya kienyeji, si kapsuli ya asetoni. Halafu lile jaribio lililochapishwa 2020: watu 171, wiki 16, kiini cha maji chenye miligramu 120 za kavalaktoni mara mbili kwa siku. Kava haikushinda kidonge kitupu kwenye wasiwasi wa jumla, na vipimo vya ini vilivyoharibika vilionekana zaidi kwenye kundi la kava. Sisemi ni sumu. Nasema faida haikuonekana na ini lilinung'unika. Kwa dawa yoyote ya kiwandani, matokeo hayo yangetosha kuiweka nyuma ya kaunta pamoja na sharti la kupima ini, na asiyeacha pombe asipewe kabisa.

Chujio

Nakubali, nikiongeza ashwagandha kwenye fungu hilohilo. Majaribio mengi yanatumia kiini cha mzizi, kwa mfano miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 60. Majani yana withaferini A nyingi zaidi (moja ya withanolidi, kemikali za mmea huu) na ni rahisi kuvuna, kwa hiyo viwanda vingine huyachanganya ili kufikisha "asilimia ya withanolidi" iliyoandikwa kwenye lebo. Asilimia inatimia, mmea uliojaribiwa haupo. Mnunuzi atafute maneno "mzizi pekee", uwiano wa kiini, na namba ya toleo. Visipokuwepo, arudishe.

Na kuna uchafu ambao hakuna lebo inayoukiri. Baadhi ya bidhaa za "kutuliza" zimekutwa na benzodiazepini ndani, yaani dawa za hospitali za kutuliza na kuleta usingizi. Mtu akisinzia ndani ya nusu saa baada ya kumeza kapsuli ya "majani", na akiikosa siku mbili anatetemeka, hiyo si kawaida ya mmea. Ipelekwe maabara.

Pumzi

Kuhusu ashwagandha: manjano ya macho, mkojo mweusi na mwasho wa mwili hujitokeza kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili. Acha siku hiyohiyo, pima ini. Inaweza pia kupandisha homoni za tezi la shingo. Mwenye tezi iliyozidi kazi atapata moyo kwenda mbio na kudhani ni wasiwasi umeongezeka, aongeze kapsuli. Wajawazito wasiiguse.

Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Wasiwasi mara nyingine ni tezi, ni upungufu wa damu, ni vikombe sita vya kahawa. Kabla ya mmea wowote, jaza dodoso la GAD-7: maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3. Jumla ya 5 hadi 9 ni wasiwasi mwepesi, na hapo sina tatizo na melisa ya mzee Kinu pamoja na usingizi na mazoezi. Ikifika 10, onana na mtaalamu. Tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na tabia ina ushahidi kuliko mmea wowote uliotajwa hapa. Ukianza kitu, jaza tena baada ya wiki nne. Alama zisipopungua, acha, usipandishe dozi. Fikra za kujiua hazisubiri dodoso: ni dharura, leo.

Na anayetumia benzodiazepini kwa muda mrefu asiziache ghafla ili "ahamie kwenye asili". Degedege inaweza kumwua. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi.

Kinu

Sina la kupinga hapo. Ninachopinga ni gharama. Usajili kamili una ada, maabara, majaribio. Atakayemudu ni kampuni kubwa yenye kapsuli, si mkulima mwenye magunia mawili ya melisa. Mtamwondoa yeye sokoni, na mnunuzi atahamia mtandaoni kununua unga usio na jina.

Mizani

Basi tusiweke lango moja. Majani na maua ya chai yenye historia safi: usajili mwepesi, kipimo cha utambulisho wa mmea, metali nzito na ukungu, kisha lebo yenye gramu na tahadhari. Viini vikali vya kava, ashwagandha na Hypericum: nyuma ya kaunta, mfamasia aulize dawa nyingine, ujauzito, ini, na upasuaji unaokuja, maana wataalamu wa nusukaputi hutaka viachwe wiki mbili kabla.

Kinu

Na kipimo cha metali nzito analipa nani?

Chujio

Wakulima wachangie sampuli moja kwa toleo, wakikausha na kuchanganya pamoja. Kipimo kimoja kinahudumia toleo zima, mradi wachanganye kwa usawa. Wakichanganya vibaya, sampuli safi itabeba gunia chafu.

Kinu

Hilo la ushirika naliweza. Valeriani mnaiweka fungu lipi? Mzizi ni chai, lakini nimeona inauzwa kama kiini kikali pia.

Mizani

Mzizi wa chai fungu la kwanza, na onyo la kutoendesha gari baada ya kunywa. Kiini fungu la pili, hasa kwa anayetumia dawa nyingine za usingizi.