Lenzi ya masafa marefu kwa mbio za magari: 70-200 f/2.8 au 150-600?

Chipukizi wa Kamera aliuliza:

Habari za wakati huu, wakuu. Ninapiga picha kwa kujifurahisha tu, nikiwa upande wa watazamaji, na kamera yangu ni ya sensa ya APS-C (ile ndogo kuliko sensa ya fremu kamili) ambayo hadi sasa nimeitumia na lenzi ya kawaida ya milimita 55-250. Baada ya misimu miwili ya kufuatilia mbio za magari na pikipiki, nimegundua kwamba picha nyingi ninazorudi nazo zina gari dogo katikati ya lami kubwa, na zile chache ambazo gari limejaa vizuri linaonekana kana kwamba limeegeshwa.

Nimeweka akiba ya kununua lenzi moja, nami nimekwama kati ya mbili: 70-200 f/2.8 iliyotumika, na 150-600 f/5-6.3 mpya (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Karibu kila ninayemuuliza ananiambia kwamba kitu chenye kasi hakipigwi picha bila f/2.8, lakini naona lenzi hiyo ni fupi kuliko niliyo nayo tayari. Sehemu ninazosimama ni mbili: kona kali ambayo magari hupita umbali wa mita 30 hivi, na sehemu iliyonyooka ambapo hupita mita 80. Zote zina uzio wa waya mbele yangu. Mbio huwa za mchana, ingawa za mwisho huingia jioni. Naomba ushauri wenu.

Mtu wa Vipimo alijibu:

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kutaja umbali. Ukishaujua umbali, hesabu iliyobaki ni nyepesi: gawanya upana wa sensa kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali, nawe utapata upana wa eneo litakaloingia kwenye fremu. Sensa za APS-C za Nikon na Sony zina upana wa milimita 23.5 hivi, za Canon ni ndogo kidogo, kama milimita 22.3. Ukitumia njia hii usizidishe tena kwa 1.5 au 1.6, kile kizidishio cha sensa ndogo, kwa kuwa udogo wa sensa umekwisha kuingia katika hesabu. Kosa hilo nililifanya mwenyewe, nikaishia kununua lenzi fupi kuliko niliyoihitaji.

Tuanze na mita 80. Lenzi ya milimita 200 itakuonyesha eneo la mita 9.4, kwa hiyo gari la kawaida la mita 4.5 likipita kwa ubavu halitafika nusu ya fremu. Kwa milimita 400 eneo linakuwa mita 4.7, yaani gari limejaa karibu kabisa, na kwa milimita 600 linabaki mita 3.1, ambapo gari halienei tena. Milimita 600 hapo zitakufaa kwa pikipiki, au kwa gari linalokuja likiwa limekuelekea, kwa sababu upana wake haufiki mita mbili.

Sasa hamia kwenye kona yako ya mita 30, ambako ndiko kuna jambo ambalo pengine hukulitazamia. Lenzi ya 150-600, hata ukiivuta nyuma hadi mwisho wake wa milimita 150, itakupa mita 4.7 tu. Gari litagusa kingo zote mbili za fremu, nawe hutakuwa na nafasi hata kidogo ya kuliwekea mbele yake, na kwa anayeanza kufuatisha gari kwa kamera, kukosa nafasi hiyo ni kukata pua ya gari katika kila picha ya pili. Kwa hiyo kati ya lenzi zako mbili, moja ni fupi kwa sehemu iliyonyooka na nyingine ni ndefu mno kwa kona. Ningetafuta 100-400. Kwa milimita 100 kona yako inakuwa na mita 7, na kwa milimita 400 ile sehemu ya mbali nayo inatosheka.

Shata ya Polepole alijibu:

Naunga mkono hesabu ya mwenzangu, ila nataka kuligusa hili la f/2.8, kwa kuwa nadhani ndilo linalokuchanganya.

Magari yako yanaonekana yameegeshwa kwa sababu umeyagandisha. Kwa shata (muda ambao sensa hupokea mwanga) ya sekunde 1/1000 au ya kasi zaidi, matairi yanasimama, hata maandishi ya ubavuni mwa tairi yanasomeka, na mtazamaji hana dalili yoyote ya mwendo. Gari linalopita kwa ubavu hupigwa kwa shata ya polepole, huku ukiizungusha kamera sambamba nalo: anza na 1/250, ukizoea shuka hadi 1/125, na siku ukiwa jasiri jaribu 1/60, ukijua kwamba nyingi utazifuta.

Jua likiwa kali, kanuni ya zamani ya wapigapicha inasema kwamba kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na f/16 utahitaji shata ya karibu 1/100. Kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano za mwanga, kila hatua ikiuongeza mara mbili, kwa hiyo ukifungua lenzi hadi mwisho huku ukibaki ISO 100, shata itapanda hadi 1/3200 hivi, na gari litarudi kuegeshwa. Ukitaka 1/60 itabidi ufunge tundu kupita f/16, mahali ambapo lenzi ya bei kubwa na ya bei ndogo zote huanza kupoteza ukali, na kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa hujitokeza. Mchana, basi, utakuwa umelipia f/2.8 ambayo huitumii. Afadhali filta ya kupunguza mwanga, lakini angalia kipenyo kwanza: 150-600 ya Sigma ya daraja la Contemporary huchukua filta ya milimita 95, nayo si filta ya kununua bila kufikiri.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kununua ni kituliza mtikisiko. Hakikisha kina hali ya pili, ile inayotuliza mtikisiko wa juu na chini pekee na kuuacha mwendo wa pembeni, maana kituliza cha kawaida kinaweza kushindana na mkono wako unapolifuata gari.

Mzee wa Uzio alijibu:

Vijana, msiionee f/2.8 namna hiyo. Mwenye swali amesema mbio za mwisho huingia jioni, na mvua haiombi ruhusa. Hapo lenzi ya f/6.3 itakulazimisha kupandisha ISO zaidi ya hatua mbili juu ya mwenye f/2.8. Vilevile 70-200 nyingi hupokea telekonveta, kile kiungio cha kurefusha lenzi: ya 1.4 hukupa milimita 280 kwa f/4, na ya 2 hukupa milimita 400 kwa f/5.6, ingawa nakiri kwamba ukiweka ya 2 fokasi hupungua kasi na ukali nao hushuka.

Halafu kuna uzio. Waya hutoweka ukisogeza lenzi karibu nao kadiri unavyoruhusiwa, ukafungua tundu lote na kusubiri gari liwe mbali na waya. Hapo f/2.8 ndiyo mkombozi.

Mtu wa Vipimo alijibu:

Mzee, shikamoo. Kuhusu jioni na mvua sina ubishi. Kuhusu uzio naomba kuongeza kwamba kinachoufuta waya ni ukubwa halisi wa tundu: milimita 200 kwa f/2.8 ni tundu la milimita 71, na milimita 400 kwa f/5.6 ni milimita 71 vilevile. Wote wawili wakifungua lenzi hadi mwisho, uzio unatoweka sawasawa. Atakayeteseka ni yule anayepiga kwa shata ya 1/60 juani, kwa kuwa amelifunga tundu na waya umerudi kama michirizi ya kijivu. Huyo dawa yake ni filta, au kutafuta mwinuko unaouona uwanja juu ya uzio.

Chipukizi wa Kamera alijibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo yangu imfikie Mzee. Jana usiku nilizifungua picha za msimu uliopita nikaangalia milimita zilizotumika: za sehemu ya mbali karibu zote ni 250 na bado nimezikata kingo, ilhali za kona zipo kati ya 90 na 140. Kumbe jibu nilikuwa nalo kwenye kompyuta. Nitakodi 100-400 kwa wikiendi moja kabla ya kununua, nione kama mkono wangu unaihimili hadi mzunguko wa mwisho, na mbio za jioni nitazipiga zikiwa zinakuja upande wangu pale konani, kwa ISO yoyote itakayohitajika.