Shokapu za Citroën BX zinavuja: nibadilishe zote au sili tu?

Swali: Ndugu mafundi, nina Citroën BX ya mwaka 1989 ambayo shokapu zake mbili za mbele zinavuja mafuta ya kijani, kiasi kwamba nalazimika kuongeza mafuta kila wiki. Je, ninunue shokapu nyingine?

Jibu la kwanza: Usinunue bado, ndugu. Safisha shokapu hadi ikauke, washa injini, kisha uangalie mafuta yanaanzia wapi. Katika mfumo huu wa BX, unaobeba gari kwa mafuta yenye presha na gesi badala ya springi za kawaida, mafuta kidogo hupita kwenye sili (kizuizi cha mafuta) kwa makusudi ili kulainisha fimbo, halafu hurudi tangini kupitia mpira wa juu na mrija wake, na kwa magari ya umri huu mara nyingi ni mpira huo uliopasuka. Fimbo ikiwa na kutu au mikwaruzo, hapo sili mpya haitadumu.

Jibu la pili: Naongeza jambo la usalama. Kabla ya kufungua mrija wowote, shusha gari hadi chini kabisa, zima injini, na ulegeze skrubu ya kuachia presha, kwa sababu presha ya mfumo huzidi bar 100. Usiingie kamwe chini ya gari bila stendi imara. Tena, tumia LHM pekee, yaani yale mafuta ya kijani ya mfumo huu; mafuta ya breki ya kawaida huharibu sili zote.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nimekuta mpira wa kulia umechanika. Fimbo ni safi.